Nitakwambia Ikija

Shangazi hakuinua macho kwenye shati alilokuwa akilipiga pasi.

"Kesi ile ilifungwa," alisema. "Mshtakiwa hakufika, hukumu ikatolewa. Sasa unakwenda kutafuta nini?"

Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na tangu siku hiyo nyumba nzima ilikuwa mahakama yake. Kuku wa jirani akiruka ukuta, ilikuwa kesi. Maziwa yakimwagika jikoni, mashahidi waliitwa.

"Ameniomba niende, Shangazi. Mara moja tu. Kwa mshauri wake."

"Mshauri wa nini?"

"Mwanasaikolojia."

Pasi ikasimama katikati ya mgongo wa shati. "Kumbe kachanganyikiwa! Basi tumeponea chupuchupu."

"Shangazi, jamani."

"Nimekosea wapi? Mtu mzima, meno yote kinywani, anakwenda kukaa kwenye kiti aulizwe anajisikiaje. Hana ndugu wa kumuuliza? Mimi nimekuuliza tangu asubuhi unajisikiaje."

"Umeniuliza kama nimepoteza akili."

"Si ndiyo hilo hilo?"

Binti akacheka bila kutaka. Alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, aliyelelewa naye tangu akitambaa, na sasa alikuwa mwanamke wa kuheshimika mjini, mpimaji wa macho katika duka la miwani. Waliompenda walimwita Miwani. Jina hilo alipewa na mwanaume yule yule aliyekuwa akizozaniwa juu ya meza ya pasi.

Mwanaume huyo alikuwa mwalimu wa udereva. Aliingia dukani siku moja amemshika mkono mwanafunzi wake, mzee mmoja mnene aliyekuwa ametoka kupanda juu ya bustani ya mzunguko wa barabara.

"Dada, mpime huyu kabla hajaniua," alisema. "Ananiambia bustani hakuiona. Bustani, dada! Ina maua na sanamu la simba!"

Miwani alimpima mzee, akamkuta kweli haoni simba wala nyasi. Wiki iliyofuata Mwalimu alirudi kushukuru. Ile iliyofuata alirudi kupimwa yeye, na macho yake hayakuwa na kasoro yoyote. Akarudi tena kulalamika kwamba haoni vizuri akiwa mbali na duka lile. Hapo Miwani alielewa ugonjwa ni upi, kwa kuwa na yeye alikuwa ameshaambukizwa.

Walipendana mwaka mzima na zaidi. Kila jioni Mwalimu alimvusha darajani kwa gari la shule ya udereva, akamshusha mlangoni kwa Shangazi upande wa pili wa mto. Kisha mambo yakaanza kubadilika. Leo gari lina hitilafu. Kesho ana wanafunzi wa jioni. Miwani akawa anapanda basi peke yake, akijiambia kazi ni kazi. Hatimaye wakapanga siku ya yeye kuja kujitambulisha rasmi na kuposa. Wajomba walifika, sebule ikajaa viti vya kuazima, Shangazi akavaa miwani yake ya kusomea ili amwone vizuri mshtakiwa. Mwalimu hakuja. Simu yake haikupatikana mchana kutwa. Alipopiga kesho yake, alisema maneno machache tu: "Nisamehe. Nimeona sitaweza."

Hakuna aliyemuuliza hataweza nini. Walidhani wanajua.

Tangu hapo miezi ilipita. Miwani alikonda, akanenepa, akakonda tena. Alikuwa ameanza kula bila kulazimishwa pale Mwalimu alipopiga simu na kumwomba, kwa sauti ya mtu anayeogopa kukatiwa, aje asikie jambo moja mbele ya mshauri wake.

"Nenda," Shangazi alisema mwishowe, akilipindua shati. "Lakini usirudi na mtu."

*

Chumba cha mshauri kilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Harufu ya ngozi mpya ilipanda mpaka ngazini. Ndani palikuwa na viti vitatu vya kitambaa, zulia lililochakaa upande wa mlangoni, na boksi la tishu lililowekwa pale ambapo mkono wa yeyote ungelifikia. Mshauri mwenyewe alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na kila alipoinamisha kichwa miwani yake iliteleza mpaka ncha ya pua.

Mwalimu alikuwa ameshafika. Alisimama haraka mno, goti likagonga meza. Shati lake lilikuwa jipya na kola ilimpwaya shingoni. Miwani alikuwa amejiandaa njia nzima kutomtazama usoni, na akaanza kwa kumtazama usoni. Macho yale yale. Yalimwangalia kana kwamba mtu amefungua dirisha ndani ya chumba chenye joto.

"Ahsante kwa kuja," alisema Mwalimu.

"Nimekuja kusikia," alijibu, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango.

"Karibu sana," alisema mshauri. "Kabla hatujaanza, nikwambie kitu kimoja. Hapa hakuna hakimu. Hujaitwa kutoa ushahidi, wala hulazimiki kusamehe. Ukichoka, mlango huo hapo, na hakuna atakayekuuliza."

"Shangazi yangu angesikitika kusikia hakuna hakimu."

Mshauri akatabasamu, akamgeukia Mwalimu. "Anzia popote."

Chini dukani mtu alikuwa akijaribu viatu, kisigino kikigonga sakafu, kikanyamaza, kikagonga tena.

"Unamkumbuka yule dada muuguzi niliyekuwa nikimfundisha?" alianza. "Aliyeogopa klachi?"

"Uliniambia alipata ajali ndogo. Darajani. Mkacheka."

"Tulicheka, ndiyo." Alipangusa viganja kwenye suruali. "Tulikuwa katikati ya daraja. Lori likapiga honi nyuma yetu, akashtuka, akaachia usukani. Akaachia kabisa, Miwani, akaziba macho kwa mikono. Nikakanyaga breki ya upande wangu, nikaukamata usukani, lakini gari likaenda likajibamiza kwenye kingo. Dirisha langu lilikuwa upande wa mto. Niliyaona maji yale kama hivi ninavyokuona wewe. Basi. Taa moja ilivunjika. Hakuna aliyeumia, hata mchubuko. Kazini wakatutania wiki nzima, na mimi nikawa natania pamoja nao."

"Halafu?"

"Halafu siku niliyotaka kuvuka tena, nikafa."

Alisema hivyo bila mzaha. Miwani akamtazama mshauri, kisha akarudi kwake.

"Nilidhani nakufa. Moyo ulikwenda mbio, mikono ikafa ganzi, pumzi ikagoma kuingia. Nikageuza gari. Nilipofika mbali na mto, nikapona kama vile hakukuwa na kitu. Nikajiambia ni uchovu. Kesho yake nikajaribu, yakawa yale yale. Ndiyo maana gari likawa bovu kila jioni. Gari halikuwa bovu hata siku moja."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilivaa suti. Nilifika darajani mapema kabla ya saa yetu. Nikaingia, nikarudi nyuma. Nikaingia tena, nikarudi. Nikaacha gari nikasema nitembee kwa miguu, nikashika kingo, miguu ikakataa. Watu wananipita, mtu mwenye suti amekumbatia chuma cha daraja. Mama mmoja akaniuliza kama nimeibiwa."

Kicheko kidogo kilimtoka Miwani, kikageuka kitu kingine kabla hakijafika midomoni. Akachukua tishu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi ni mwalimu wa udereva! Kazi yangu ni kuwaambia watu wasiogope. Ningekuja kwa wajomba zako niseme nini, naogopa daraja? Watoto wa shule wanalivuka wakikimbia. Nikaona heri mnione mhuni. Mhuni anasahaulika."

"Mimi sikusahau!" Miwani alisimama. Sauti yake ilijaza chumba, na kisigino kule chini kikanyamaza. "Nilikaa kwenye kitanda changu na gauni jipya mpaka jioni. Nikatafuta kasoro mwilini mwangu, kichwani mwangu, katika maneno yote niliyowahi kukwambia. Nikajiuliza labda nacheka vibaya. Niliacha kucheka mbele ya wateja, unajua hilo? Hofu yako nimeshaisamehe, hata kabla hujamaliza kusema. Uongo wako ndio bado."

Mwalimu hakujitetea. Machozi yalimshuka na hakuyapangusa.

"Ni haki yako," alisema.

"Usinipe haki yangu kwa upole hivyo, nimekuja na hasira za miezi!"

Mshauri akasema taratibu, "Unaweza kuwa na hasira na ukabaki kwenye kiti. Au ukasimama nayo. Vyote vinaruhusiwa."

Miwani akaketi. Alivuta pumzi, akamwangalia mshauri, ambaye miwani yake ilikuwa imeshuka tena, na mazoea ya kazi yakamshinda nguvu.

"Samahani, mama. Hiyo skurubu imelegea. Nipe niikaze, siwezi kuitazama hivyo."

Akatoa bisibisi ndogo kwenye pochi, akakaza bawaba zote mbili, akaipangusa lenzi kwa ncha ya kitambaa na kumrudishia. Mikono yake ilipopata kazi, moyo ukatulia kidogo.

"Ilikuwaje ukafika hapa?" aliuliza, bado akiwa anafunga pochi.

"Nilianza kupata hali ile hata mbali na daraja. Nikaenda hospitali nikidhani ni moyo. Daktari akapima kila kitu, akaniambia moyo wangu ni mzima kuliko wake. Akaniuliza kama kuna kitu ninachokikimbia. Nikakana. Nikafika mlangoni, nikarudi nikasema ndiyo."

"Mwili wake ulikuwa ukipiga king'ora pasipo moto," mshauri alisema. "Hilo lina jina, na lina tiba. Si kichaa, na si udhaifu wa mwanaume. Tunakwenda hatua kwa hatua. Mwanzo tulilizungumzia tu daraja hapa ndani. Halafu tukalitazama kwa mbali. Tukasimama mwanzoni mwake mpaka mwili ukachoka kuogopa. Amelivuka kwa miguu. Amelivuka akiendeshwa na mwenzake wa kazini."

"Nikapiga kelele njia nzima," Mwalimu aliongeza. "Mwenzangu sasa ananiita King'ora."

"Na kuendesha mwenyewe?"

"Bado. Ndiyo hatua iliyobaki."

Miwani alizungusha pete ya mkanda wa pochi kidoleni. Alimfikiria mtu mwenye suti amekumbatia chuma, magari yakimpita, na yeye upande wa pili wa mto ule ule akijikagua kwenye kioo. Umbali wa kutupa jiwe, na hakuna aliyejua habari za mwenzake.

"Nisikilize," alisema. "Sitafuti mwanaume asiyeogopa. Hata Shangazi, pamoja na ukali wote, mende akipita anapanda juu ya kiti. Ninachotaka ni kuambiwa. Ukiogopa, niambie. Ukishindwa, niambie. Usiniache nijijibu mwenyewe, maana mimi nikijijibu huwa najihukumu."

"Nitakwambia."

"Lini?"

"Ikija. Hapo hapo. Nitakwambia ikija."

Miwani akanyanyuka na kutundika pochi begani.

"Basi nirudishe nyumbani."

Rangi ilimtoka Mwalimu. Akamgeukia mshauri kama mwanafunzi anayetafuta jibu usoni kwa mwalimu wake.

"Si lazima iwe leo," alisema mshauri. "Na inaweza kuwa leo. Unajua la kufanya ikipanda, na unajua kwamba hushuka. Uamuzi ni wako."

*

Gari la shule ya udereva lilikuwa dogo, jeupe, na juu ya paa lilikuwa na bango lililoonya kila mtu kwamba ndani kuna anayejifunza. Miwani alikaa kiti cha abiria, ambacho ndicho kiti cha mwalimu, na miguuni pake palikuwa na breki ya pili. Hakuwahi kuendesha hata baiskeli.

"Hiyo breki usiikanyage," Mwalimu alimwambia.

"Na ukizimia?"

"Nikizimia kanyaga."

Walikwenda kimya mpaka barabara ikaanza kupanda na vyuma vya daraja vikajitokeza mbele. Mwalimu alipunguza mwendo. Jasho lilimtoka nyuma ya masikio.

"Imekuja," alisema.

Neno moja. Miwani alihisi limemgusa kifuani kuliko maneno yote matamu aliyowahi kuambiwa na mtu yule.

"Ikoje?"

"Mikono ganzi. Kifua kimebana. Barabara naiona kama inainama upande wa maji."

"Nikanyage?"

"Hapana! Ukikanyaga tutasimama, na nikisimama nitaamini kwamba kweli pana hatari. Nizungumzishe tu. Chochote."

Nyuma yao gari likapiga honi ndefu. Kisha jingine. Magurudumu yalikuwa yameshaingia juu ya daraja, na maji yalipita chini yao, mapana na ya rangi ya udongo.

"Jana amekuja mteja," Miwani alianza. "Mzee mtanashati, nimemtengenezea miwani mwezi uliopita. Kanirudishia. Namuuliza, baba, haioneshi vizuri? Ananiambia inaonesha vizuri mno. Tangu aivae, mkewe amezeeka."

Mwalimu alitoa sauti, nusu kilio nusu kicheko.

"Akataka nimpe ile ya zamani. Nikamwambia, baba, na mkeo naye nimempima, amechukua yake wiki iliyopita."

"Akasemaje?"

"Akakaa chini."

Sasa Mwalimu alicheka kweli, mabega yakashuka, na pumzi iliyokuwa imekwama ikaingia yote kwa mkupuo. "Inapungua," alisema. "Bado ipo. Lakini inapungua. Hapa ndipo tulipogonga, unaona ule ukingo mpya? Ni hapa." Hakufumba macho. Aliutazama ukingo ukipita dirishani, akauacha nyuma.

Walipofika upande wa pili aliegesha gari pembeni, chini ya nguzo ya taa, akazima injini. Dereva aliyekuwa nyuma yao alipita akitoa kichwa nje: "Mama, mfundishe huyo, atatuchelewesha maisha yetu yote!"

Wakatazamana. Miwani akaunyanyua mkono wa Mwalimu kutoka kwenye usukani, umelowa jasho, akauweka kati ya viganja vyake viwili. Alikuwa ameyakosa macho yale kwa muda mrefu kiasi kwamba kuyaangalia tu kulimchosha, na hakutaka kupumzika.

*

Shangazi alikuwa barazani. Aliliona gari, akaliona bango, akamwona aliyeshuka upande wa dereva, akakunja kanga yake kiunoni kama anayejiandaa kusoma mashtaka.

"Shikamoo, Shangazi."

Shangazi hakuitikia. Mwalimu akabaki amesimama kwenye ngazi ya chini, akasema yote. Hakupunguza. Alisema kuhusu muuguzi, kingo, suti, na yule mama aliyemuuliza kama ameibiwa. Alisema kuhusu mshauri na kwamba bado anakwenda kwake, na ataendelea kwenda. Miwani alitaka kumsaidia pale alipokwama, akajizuia.

"Umemaliza?" Shangazi aliuliza.

"Nimemaliza."

"Na ukishikwa na hiyo hofu siku ya harusi?"

"Nitachelewa, Shangazi. Lakini nitapiga simu niseme niko wapi na naogopa nini."

Shangazi aliangalia barabarani.

"Huyo mama mshauri," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo Miwani hakuwahi kuisikia. "Anapokea watu wa umri wangu?"

"Anapokea wote. Kwa nini, Shangazi?"

"Chumbani kwangu siingii. Tangu mume wangu alipofariki kwenye kile kitanda. Nguo zangu ananitolea huyu mtoto, nikimwambia magoti yananiuma. Kwenye kochi nalala nikisema ni mgongo." Alivuta kanga ikamfika mdomoni. "Nikifika mlangoni, na mimi pumzi inagoma. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani."

Miwani alipiga magoti mbele yake. Miaka yote ile alikuwa akimkandia mgongo kwa mafuta ya moto.

"Shangazi, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, mimi niliyewatishia hata majambazi kule mahakamani?" Kisha akamtazama Mwalimu, aliyekuwa bado kwenye ngazi ya chini. "Marahaba. Panda, usisimame kama mlingoti. Huko kwa mama utanipeleka wewe. Ila bango lile ulitoe kwanza. Majirani watasema najifunza udereva uzeeni."

"Nitalitoa, Shangazi."

"Ukipanda ngazi kaa vizuri. Chai ipo." Akainuka, akaingia ndani, na walimsikia akipenga kamasi kwa nguvu jikoni.

Jua lilikuwa linashuka Mwalimu alipoaga. Miwani alimsindikiza mpaka kwenye gari. Alipofungua mlango, alisita, akaugeukia mto.

"Kurudi nako kuna kazi," alikiri. "Nitapiga simu nikifika katikati. Nitaiweka kwenye spika, uniongeleshe."

"Nitakusimulia mke wa yule mzee alichosema."

"Alisema kitu?"

"Utakisikia darajani." Miwani aliegemea mlango wa gari. Alikuwa na jambo lake mwenyewe, lililokuwa likimzunguka tangu barazani. "Jumamosi nikitoka kazini nataka kuja kwenu. Nataka nikae na mama yako. Aniulize anachotaka kuniuliza, aamue mwenyewe kama anamtaka mkwe wa namna hii."

Mwalimu akamshika mkono. Uso wake ulifunguka polepole, kama anayesoma herufi ndogo kabisa za chini kwenye ubao wa kupimia macho na kukuta anaziona zote.

"Mama yangu ni mkali kuliko Shangazi," alisema. "Unaogopa?"

"Sana," alisema Miwani, akacheka kwa sauti kubwa, na hakuuondoa mkono wake mkononi mwa Mwalimu.